Kutoka Mwanzi Hadi Sponji: Bunduki za Watoto wa Kisauni, Likoni na Changamwe

Chukua kipande cha mwanzi mkavu, ukikate huku na huku kibaki bomba lililo wazi. Tafuta kijiti kinachoingia humo kwa kubana. Ziba mdomo mmoja kwa karatasi iliyotafunwa, ziba wa pili kwa karatasi nyingine, kisha sukuma kijiti kwa nguvu. Hewa iliyofungwa katikati haina pa kutokea. Itabanwa hadi karatasi ya mbele ishindwe na kufyatuka kwa mlio. Mtoto asiye na mwanzi huchukua bua la jani la mpapai, ambalo Mungu amekwisha kulitoboa. Na tangu Marcel Bich wa Ufaransa alipoanza kuuza biro yake ya bei ya chini mwaka 1950, mtoto aliye darasani amekuwa na bomba jingine tayari mkononi. Hutoa wino, hudidimiza ncha ya bomba kwenye kiazi kibichi, na kiazi chenyewe humkatia risasi inayotosha sawasawa.

Naanzia hapo makusudi. Siku hizi bunduki za plastiki za rangi ya machungwa na buluu, zinazorusha vishale vya sponji, zinaonekana Mlaleo, Mtongwe na Magongo, na wazazi wengi huzitazama kama kitu kigeni kilichokuja na meli. Plastiki ni kweli imekuja na meli. Maarifa yaliyo ndani yake yalikuwapo uani kwetu zamani sana, na kijana wa Kisauni anayefungua bunduki hiyo kwa bisibisi ili aiongeze nguvu anaendeleza kazi iliyoanzwa na waliomtangulia.

Kabla ya mpira kulikuwa na uta. Wamijikenda, ambao ndio wenyeji wa mashamba yaliyozunguka kisiwa cha Mombasa, wanajulikana kwa uta, na mtoto alijifunza kwa uta mdogo wa fito na kamba. Kwa kurushia mawe kulikuwa na kombeo. Mpira ndio ulioleta mageuzi. Charles Goodyear alipata hati miliki ya kupika mpira kwa salfa mwaka 1844, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop wa Belfast akapata hati miliki ya tairi la kujazwa hewa. Miaka minane baadaye reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, ikavuka Makupa na kuingia Changamwe. Baiskeli na malori yakafuata, na pamoja nayo mipira ya ndani ya matairi ambayo, ikishapasuka mara nyingi, haikuwa na kazi tena kwa mwenyewe. Kwa mtoto ilikuwa na kazi kubwa. Ukanda wa mpira, panda ya mti wa mpera na kipande cha ngozi ya kiatu kikuukuu: hiyo ndiyo panda, ambayo wengine huiita manati. Ndege wa Pwani waliijua vizuri.

Watu wazima nao walikuwa na yao. Wavuvi wa pwani yetu, hasa upande wa kusini kuanzia Likoni, walitengeneza bunduki ya kuvulia samaki kwa ubao, vipande vya mpira wa tairi, msumari na fimbo ya chuma iliyonolewa. Mvuvi huvaa miwani, huzamia, hulenga tafi au pweza kwenye mwamba, hufyatua. Ni chombo cha ufundi wa hali ya juu. Mpira lazima ukatwe kwa upana uleule pande zote mbili, la sivyo fimbo huenda upande, na kishikizo lazima kiachie mara moja bila kukwaruza. Serikali ya Kenya iliipiga marufuku bunduki hiyo pamoja na juya mwaka 2001, kwa Tangazo la Gazeti Rasmi nambari 7565, kwa kuwa zilikuwa zikiharibu miamba na kumaliza samaki wadogo. Marufuku hiyo ilikuwa na sababu nzuri. Hata hivyo kijana wa Timbwani aliyemwona babake au jirani yake akikata mpira na kupiga tupa kishikizo alikuwa amepata somo la mekanika ambalo shule nyingi hazina vifaa vya kulifundisha.

Kisha ikaja plastiki. Kila sikukuu ya Idi watoto wa ng'ambo huvuka feri wakiwa na nguo mpya na pesa za mkono wa Idi, kwenda Makadara. Huko kuna bembea, viazi karai, maputo, na bunduki za plastiki: za maji, za fataki, za vidonge vidogo. Nyingi huvunjika kabla jua halijatua. Sina la kuongeza juu yake, kwani zilikuwa za kununuliwa na kutupwa, wala hakuna aliyezitengeneza upya.

Lakini lipo jambo moja linalozihusu ambalo mtu wa Likoni hawezi kulipita. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki. Wiki zilizofuata zilikuwa za damu: zaidi ya watu 100 waliuawa Likoni na sehemu za jirani, na maelfu wakayahama makazi yao, wengi wakitafuta hifadhi makanisani. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi. Mzazi wa namna hiyo akimkuta mwanawe amelenga mtu kwa kitu chenye umbo la bastola, hata cha plastiki, hana subira nacho, na ana haki. Nitarudi kwenye suala hili, kwa sababu ndilo linaloamua bunduki ya sponji ipakwe rangi gani.

Sponji yenyewe ilianza kama mpira wa kuchezea sebuleni. Mwaka 1969 Reyn Guyer wa Minnesota, Marekani, pamoja na wenzake, walikuwa wakibuni mchezo wa kurushiana mawe ya sponji. Waligundua kwamba mawe yalikuwa matamu kuliko mchezo wenyewe. Kampuni ya Parker Brothers ikachukua wazo hilo, na mwaka 1970 ikatoa mpira wa sponji ulioitwa Nerf, ambao mtoto angeurusha ndani ya nyumba bila kuvunja taa. Mwaka wa kwanza iliuzwa mipira zaidi ya milioni nne. Ilichukua karibu miaka 20 kwa jina hilo kugeuka kuwa la silaha za mchezo. Mwaka 1989 ilitoka bunduki ya kurusha mipira kwa kusukuma hewa, 1991 ukatoka uta, na 1992 ikatoka bastola ya kwanza ya vishale. Katikati ya hapo, mwaka 1991, kampuni ya Hasbro ilikuwa imeinunua biashara yote.

Mtu ninayependa watoto wetu wamjue katika habari hii ni Lonnie Johnson. Alizaliwa mwaka 1949 Mobile, jimbo la Alabama, wakati ambapo shule za weusi na za weupe zilikuwa mbalimbali. Babake alikuwa akiwafundisha wanawe kujitengenezea vichezeo, na kimojawapo kilikuwa bomba la mwanzi la kurusha kwa hewa matunda madogo ya mti unaoota hata kwetu, wa jamii moja na mwarobaini. Mwanzi, hewa, kokwa: mtoto wa Mobile na mtoto wa Mtongwe walikuwa wakitengeneza kitu kilekile bila kujuana. Mwaka 1968, akiwa mwanafunzi wa sekondari, Johnson alipeleka roboti aliyoiunda kwa vyuma chakavu kwenye maonyesho ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Alabama. Alikuwa mwanafunzi mweusi pekee pale, naye akatoka wa kwanza.

Baadaye alikuwa mhandisi wa Jeshi la Anga la Marekani na wa maabara ya NASA, ambako alifanya kazi kwenye chombo cha Galileo kilichopelekwa sayari ya Mshtarii. Mwaka 1982, akiwa nyumbani, alikuwa akijaribu mtambo wa kupoza unaotumia maji badala ya gesi. Aliunganisha bomba lake na mfereji wa bafuni, maji yakaruka kwa nguvu hadi upande wa pili. Pale pale akaona bunduki ya maji. Hati miliki ilitoka 1986, bunduki ikaingia madukani 1990, na mwaka uliofuata, kwa jina la Super Soaker, ikauzwa kwa thamani ya dola milioni 200. Johnson akaendelea. Hewa iliyosukuma maji ingeweza kusukuma sponji pia, na uvumbuzi wake ukaingia katika bunduki za Nerf. Mwaka 2013, baada ya mvutano kuhusu malipo ya haki zake, mahakimu wa usuluhishi waliamuru Hasbro imlipe dola milioni 72.9. Mtoto anayeambiwa kwamba kuchezea mwanzi ni kupoteza wakati aelezwe kisa hiki.

Bidhaa hizo hufika kwetu kwa njia mbili. Ya kwanza ni makontena ya mali mpya yanayoshushwa Kilindini na kuishia madukani, mara nyingi zikiwa bunduki za mwigo kutoka China zenye umbo sawa na bei nafuu. Ya pili ni mitumba. Soko la Kongowea, upande wa Kisauni, hupokea marobota ya nguo, viatu na vichezeo vya mitumba, na humo huchomoza bunduki za sponji zilizochezewa na watoto wa Ulaya au Marekani, mara nyingi bila kishale hata kimoja. Hapo ndipo ufundi unapoanzia. Aliyenunua bunduki isiyo na vishale hana hiari, lazima aelewe inafanyaje kazi.

Ngoja nieleze mojawapo, ambayo tuliifungua barazani huko Kisauni mimi na kijana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari ambaye kaka yake ni fundi bomba. Ukitoa skrubu zote, ganda la plastiki hugawanyika nusu mbili, na kilichomo ni kichache mno kuliko ukubwa wa bunduki unavyodai. Kuna silinda. Ndani yake kuna pistoni yenye oringi (pete ya mpira) kichwani, na nyuma ya pistoni kuna springi. Ukivuta mpini, springi hubanwa na kishikizo kidogo huizuia. Ukibonyeza triga, kishikizo huachia, springi husukuma pistoni, pistoni husukuma hewa, na hewa husukuma kishale. Mbele ya silinda, hii ilikuwa na valvu ndogo yenye springi yake, iliyowekwa na kiwanda ili hewa isipite kwa wingi. Ndio mwanzi wetu, ila kijiti kimepewa springi.

Vijana wengi hufikiria springi kwanza. Huchomeka ya pili ndani ya ile ya kwanza, au hutafuta nene zaidi kwa wauza vyuma chakavu. Hapo hukosea mpangilio. Kijana huyu alikoki bunduki, akaziba mdomo kwa kiganja, akabonyeza triga. Pistoni ilipiga mbele kwa kishindo.

"Ami, hii yavuja," akasema. "Hewa yapita kando."

Alikuwa sahihi. Silinda isiyovuja, mdomo wake ukizibwa, pistoni hushuka polepole kwa sababu hewa haina njia. Ikipiga kwa kishindo, nguvu nyingi ya springi inapotea kabla kishale hakijasogea. Dawa yake ilikuwa ile tepu nyeupe ya kaka yake, ya kuzibia maungio ya mabomba: mizunguko michache chini ya oringi, ikatuna kidogo na kubana ukuta wa silinda, kisha grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya gari hula mpira wa aina nyingi, basi tuliiacha. Jaribio lilelile likarudiwa na pistoni ikashuka taratibu. Springi ilikuwa bado ileile ya kiwandani.

Kilichofuata ni mtutu. Kishale cha kawaida cha Nerf kina urefu wa milimita 72 na unene wa karibu milimita 13. Paipu ya maji ya PPR ya milimita 20, ile ngumu yenye ukuta wa milimita 3.4, huacha tundu la milimita 13.2. Mabaki yake hutupwa kila mahali nyumba inapojengwa, na nyumba zinajengwa kila mahali Kisauni. Swali ni urefu. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 3 na mwendo wa sentimita 6 hubeba hewa ya takriban mililita 42. Mtutu wa PPR wa sentimita 20 hujaa kwa mililita 27. Ukiurefusha hadi sentimita 40, hewa humalizika kishale kikiwa bado ndani, na kuanzia hapo mtutu hukipunguzia kasi kwa msuguano. Kijana aliyekuwa anataka mtutu mrefu kwa sababu ya sura yake alipiga hesabu hiyo mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, akachukua msumeno wa chuma akaukata.

Na kupima? Huko ughaibuni wapenzi wa mchezo huu hutumia kifaa chenye vihisi vya mwanga kinachosoma kasi. Sisi tuna nguvu ya uvutano wa dunia, ambayo haiuzwi. Kitu kinachoanguka kutoka kimo cha mita 1.2 hufika chini kwa takriban nusu sekunde, na kitu kilichorushwa sambamba na ardhi kutoka kimo hichohicho huanguka kwa muda huohuo. Kwa hiyo weka bunduki juu ya meza ya kimo hicho, iwe sawa kabisa, fyatua, tia alama pale kishale kinapogusa chini mara ya kwanza, na uzidishe umbali huo kwa 2. Mita 10 ni kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya bunduki mpya kutoka kiwandani. Upepo wa kusi huharibu kipimo hiki, na sponji hupunguzwa kasi na hewa, basi kasi halisi mdomoni ni kubwa kidogo kuliko hesabu. Pima asubuhi mapema, ndani ya uga.

Kipimo cha pili ni shabaha, nacho wengi hukidharau. Weka kopo la maziwa ya unga hatua kadhaa mbele, ufyatue vishale kumi bila kusogeza bunduki, na utazame vimetawanyika kiasi gani. Kasi ikizidi, kishale chepesi huanza kuyumba mkia na kuzunguka hewani. Ndiyo sababu mafundi wa ughaibuni walianza kukikata nusu, milimita 36, ili uzito mwingi uwe mbele, na baadaye viwanda vyenyewe vikaanza kuuza bunduki za vishale vifupi. Bunduki yetu, baada ya tepu na mtutu, ilipata nguvu kiasi, lakini tofauti kubwa ilikuwa kwenye kopo. Hukumu yangu ni kwamba kazi ilikuwa imekamilika hapo na springi mpya haikuhitajika.

Sababu ni hesabu nyingine. Kishale cha gramu 1 kikienda mita 20 kwa sekunde hubeba nishati ya jouli 0.2. Kikienda mita 40, hubeba 0.8. Kasi imeongezeka mara mbili, pigo mara nne. Mwaka 2017 madaktari wa hospitali ya macho ya Moorfields, London, waliandika katika jarida la BMJ Case Reports habari za wagonjwa watatu, watu wazima wawili na mvulana wa miaka 11, waliovuja damu ndani ya jicho baada ya kupigwa na vishale vya bunduki hizi, nao wakaonya kuhusu vishale vya mwigo vyenye vichwa vigumu. Nimewaona watoto wakitengeneza vishale kwa sponji ya champali, na huo ni ubunifu mzuri. Nimemwona pia aliyetia skrubu kichwani ili kiende mbali. Hicho si kichezeo tena.

Nirudi kwenye rangi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1988 ya kulazimisha bunduki za mchezo ziwe na alama ya rangi kali mdomoni. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, polisi walimpiga risasi Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, aliyekuwa na bunduki ya mchezo iliyoondolewa alama hiyo, naye akafa kesho yake. Kwetu, kifungu cha 34 cha Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, kinamtia hatiani anayetumia bunduki ya bandia kutenda uhalifu, na mara nyingi polisi wa Mombasa wametangaza kuwanasa majambazi wenye bastola za mchezo. Askari wa doria usiku Kisauni au Likoni hana muda wa kuuliza kama kilicho mkononi ni plastiki. Kijana anayeipaka bunduki yake rangi nyeusi ili ifanane na ya kweli anajiweka mahali pabaya mno, kwa ajili ya sura tu.

Basi wewe mzazi au ami ambaye mtoto wako ameanza kufungua skrubu, usimnyang'anye. Mkalie karibu na umpe tepu, kipande cha PPR na futi ya kupimia. Mwekee masharti mawili: rangi ya machungwa isiguswe, na asifyatue mtu yeyote asiyevaa miwani. Ile ya kinga wanayovaa mafundi wakikata chuma inatosha, na yapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, kuanzia Magongo hadi Mtopanga.